Ngwe ya Mwalimu

Watu waliokuja siku ile walikuja kwa makosa, na mpaka leo nikikumbuka hucheka peke yangu dukani, wateja wakanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Lakini kwanza niseme kwa nini tuliwahitaji watu, maana tuliwahitaji kweli kweli.

Kijiji nilichozaliwa kiko kando ya barabara kuu, mbele kidogo ya Nanyala ukitokea Mbeya. Mimi naishi Tunduma, nauza vitenge, ila mama yangu amekataa kuhama. Yuko kijijini na kahawa yake, na Jumapili nisipofika hunipigia simu kuuliza kama nimekufa. Hatua chache kutoka kwenye lami ya kijiji hicho kuna chumba kimoja cha matofali ya kuchoma. Alikijenga mwalimu mmoja kabla ya Uhuru, kwa mikono yake na ya wanafunzi wake. Mwalimu huyo alifariki kabla sijazaliwa na hakuacha mtoto. Shule ya serikali ilipojengwa upande wa juu, chumba chake kikawa stoo ya mbolea, baadaye kikawa cha popo. Nyasi zilipanda mpaka madirishani, nasi tukapita pale miaka yote bila kugeuza shingo.

Jumapili moja mama akaniambia kwamba serikali ya kijiji inataka kukibomoa. Eneo lile liwe maegesho ya malori. Anayeijua njia yetu anaijua foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, inavyoweza kurudi nyuma kijiji hata kijiji. Lori likilala lazima lilale mahali, na kijiji kilitaka lilale kwake, lilipe. Si wazo la kijinga. Lakini mama aliniambia habari hiyo huku ameshika ukingo wa meza, na mama yangu si mtu wa kushikashika meza.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji saa ile ile, na nguo za kanisani mwilini. Mwenyekiti ni wa rika langu, tumechunga wote mbuzi, kwa hiyo hakuniogopa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Dada yangu," akasema, "pale ni pori. Pori limekaa miaka yote hakuna aliyelitazama. Leo limepata mchumba, ndipo mnakumbuka kwamba ni binti yenu?"

Akaendelea kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Alisema mkutano mkuu wa kijiji unakuja, na uamuzi utatolewa na wananchi, si yeye. Kama tunakitaka chumba, tulete chama chenye watu, wananchi wakione. Tukija mimi na mama yangu tu, watatupa pole na malori yatapaki. Nilirudi nyumbani nimekasirika kwa sababu kuhusu zile nyasi alikuwa anasema kweli.

Sasa nieleze habari za huyo mwalimu, jinsi mama alivyonieleza mimi. Mama alikuwa binti mdogo, na kwao kila mtoto alikuwa na ngwe yake. Kwa asiyelima, ngwe ni kile kipande cha shamba anachopimiwa mtu alime, akimaliza ndipo yuko huru. Mwalimu alipokwenda kumwomba babu yangu amwachie binti aje asome, babu alimjibu kwamba mtoto wa kike ana ngwe, hana daftari. Mwalimu hakubishana. Kesho yake alfajiri babu alimkuta shambani ameinama na jembe lake mwenyewe, anamalizia ngwe ya mama. Akasimama, akajifuta jasho, akamwambia mama: "Ngwe yako imekwisha. Twende."

Akafanya hivyo msimu mzima. Babu alimtukana, akamwita mwendawazimu, akamwambia asidhani atalipwa hata gunzi la hindi. Mwalimu aliitikia salamu, akalima, akaondoka na mtoto. Wazazi wajanja walipoona hivyo wakaanza kuwapimia watoto wao ngwe ndefu ndefu, wapate kibarua wa bure mwenye suruali. Mwalimu akazilima nazo, na zilipomzidi akawa anakwenda na darasa zima: leo wote wanamaliza ngwe ya huyu, kesho ya yule, kisha wote wanarudi kusoma. Mama anasema kuandika "a" alijifunza mikono ikiwa na udongo. Wakulima wale wagumu, babu yangu akiwa wa kwanza, walikuja kuona haya wenyewe, wakawa wanawatuma watoto shule bila kusukumwa.

Basi tukaanza chama. Tulikuwa mimi, mama, na mwalimu mmoja mstaafu wa pale kijijini, ambaye nitamwita mstaafu ili asichanganywe na Mwalimu wetu. Mstaafu ni mtu mwema na mtaratibu, anayeweza kukaa asubuhi nzima akitafuta mahali pa kuweka mkato. Yeye aliandika rasimu ya katiba. Tuliitisha mkutano wa kwanza, wakaja majirani wanne na mlevi mmoja. Tukaitisha wa pili, mlevi naye hakuja.

Halafu tukagombania jina. Mstaafu alitaka Jumuiya ya Kuenzi, Kudumisha na Kuendeleza Fikra na Maadili ya Mwalimu. Nikamwambia jina hilo mtu akifika mwisho amekwishasahau mwanzo. Akaniambia mimi ni mfanyabiashara, nimezoea majina ya vitenge. Nikamjibu na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Mama alikuwa anachambua maharage pembeni, hakuinua uso.

"Iteni Ngwe ya Mwalimu," akasema. "Zile alizotulimia sisi zimelala. Sasa ni zamu yetu."

Hapo hata mstaafu aliweka kalamu chini.

Kijijini tulikuwa tumekwama, kwa hiyo nikasema nitatafuta watu Tunduma. Kule kuna watu wa kila mkoa, kuna wenye nafasi, na kuna watoto wa Mbozi, wilaya yetu, kibao waliohamia mjini na kusahau kwao. Nikaandika tangazo mwenyewe, nikampa kijana mwenye bajaji ya spika azunguke nalo sokoni mpaka mpakani. Nililionea fahari tangazo lile. Lilisema: "Ngwe ya Mwalimu! Jumamosi hii, mbele ya Nanyala, kwenye darasa la zamani! Ngwe yako inakusubiri! Njoo uchukue ngwe yako!" Nilidhani nimeandika kitu kitakachoingia moyoni, kwamba kila mtu ana kipande chake cha kazi. Kijana yule akalitangaza kwa bidii, na kwa spika ile kila neno lilivutwa mpaka likakatika.

Jumamosi watu wakaja. Kwanza ilifika Coaster moja imejaa, zikafuata bodaboda, likafuata Fuso la wanawake waliokuwa wakiimba. Wakaja mama ntilie, wauza viatu, wabadilisha fedha wa mpakani na mikoba yao tumboni, na mzee mmoja wa Kiislamu mwenye malori, mtu wa Singida aliyehamia Tunduma miaka mingi, kanzu nyeupe pe. Mstaafu alitoa kitambaa akafuta macho. Aliniambia kwamba kizazi kimeamka. Mimi nami nilivimba kichwa, nikamtafuta mwenyekiti kwa macho, nikamwona amesimama kando ya barabara ameegemea pikipiki yake, ameduwaa.

Ndipo mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, akanijia na kimfuko kizito. Akanisalimu kwa adabu ya kwao, akaniita mama, akauliza: "Ba mayo, sarafu mnapokelea wapi?"

Nikauliza sarafu gani. Akafungua mfuko. Ulikuwa umejaa ngwee. Kwa wasiokaa mpakani nieleze: pesa ya Zambia ni kwacha, na senti zake zinaitwa ngwee. Wabadilisha fedha wetu wanapokea noti, sarafu hawazitaki, kwa hiyo karibu kila nyumba ya Tunduma ina kopo la ngwee lisilo na kazi. Nilitazama nyuma yake. Kulikuwa na foleni, na kila mtu ana kopo, soksi au mfuko. Mji mzima ulikuwa umesikia kwamba kuna mwalimu fulani ameanzisha kikundi cha kupokea ngwee, na wengine walisikia anazigawa. Njoo uchukue ngwe yako! Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, mimi niliyekulia kijijini na kuuza mpakani, nikashindwa kusikia maneno mawili yanayofanana.

Nikachukua kipaza sauti nikaeleza. Pakalipuka kicheko, na kicheko kikaisha wakaanza kuulizia nauli zao. Mtu mmoja akasema ametapeliwa. Nikapandwa na hasira, nikawaambia hakuna aliyewalazimisha kusikiliza kwa mifuko badala ya masikio. Haikusaidia kitu. Mstaafu alininyang'anya kipaza sauti, akaanza kusoma utangulizi wa katiba, na hiyo ndiyo iliyowakimbiza kabisa. Watu wakaanza kurudi kwenye magari. Mwenyekiti pale kwenye pikipiki alikuwa anatabasamu sasa. Alikuwa ananihurumia, na afadhali angenizaba kofi. Nilijua hapo kwamba chumba kimekwenda, na kwamba nitamwambia mama mimi ndiye niliyekipoteza.

Mama alikuwa hayupo kwenye kiti chake. Alikuwa ameifungua kamba iliyofungia turubai letu, turubai likainama upande mmoja, na yeye ameingia nayo kwenye nyasi zinazomfika mabegani. Akachomeka kijiti, akavuta kamba, akachomeka kingine. Kisha akainua sauti, sauti ya watu waliozoea kuitana shambani kutoka mwisho huu hadi ule.

"Hii ya nani?"

Watu walisimama, mguu mmoja garini. Akauliza tena, bila haraka, kama mtu aliyezoea kwamba mwenye ngwe huchelewa. Nikasema ni yangu. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge nililolishona kwa ajili ya siku hiyo. Nikachukua jembe kwa jirani, nikaingia, nikaanza kulima nikilia kwa hasira, nyasi zinanichana miguu.

Mama alikwisha kuhamia kijiti kingine. "Na hii ya nani?"

Yule mzee mwenye malori alikuwa amemfuata. Alimwamkia, kwa sababu mama ni mkubwa kwake, kisha akamuuliza kama ni kweli huyo mwalimu alilima ngwe za watoto wasio wake. Mama akasema ni kweli, alimlimia hata yeye. Mzee akauliza alilipwa nini. Mama akasema alilipwa matusi, na baba yake mwenyewe ndiye aliyemlipa.

Malori ya mzee huyo nayo yangelala pale pale, asisahau msomaji. Halafu akakunja kanzu, akaifunga kiunoni.

"Sisi kwetu dada yangu hakupata mtu wa kumlimia," akasema. "Nipimie hiyo, mama."

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini walioisikia waliipeleka mpaka kwenye magari. Akashuka mama ntilie mmoja, akashuka muuza viatu. Yule wa Nakonde aliweka mfuko wake chini ya kiti cha mama, akafunga chitenge vizuri, akaingia. Bado sikuamini mpaka wanakijiji walipoingia, na wao hawakuingia kwa ajili ya Mwalimu. Waliingia kwa sababu hakuna Mnyiha, mtu wa kwetu, anayeweza kusimama kutazama mtu wa mjini analima vibaya akanyamaza. Wabadilisha fedha walishika majembe kama wanaogopa yatawauma. Wanawake wa kijiji walicheka mpaka wakashika mbavu, wakaenda kuchukua majembe yao, wakawaambia sogea huko nikuonyeshe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kijiji kilichokataa kuja mara mbili kilikuja kuwacheka wageni, kikajikuta kinalima.

Jua lilipoanza kupoa, nyasi zilikuwa zimekwisha. Udongo ulikuwa mwekundu mpaka barabarani, na chumba kilisimama wazi, kila lori lililopita lilikiona. Sikujua kama ni kizuri hivyo. Tulikaa kwenye udongo uliolimwa, kila mtu mwisho wa ngwe yake, mstaafu akasoma katiba, na safari hii walimsikiliza kwa sababu walikuwa wamechoka na hawakuweza kukimbia. Kifungu cha ada ya kiingilio kikapigiwa kelele na kufutwa. Wakaandika kwamba kiingilio ni ngwe moja kila mwaka, kwenye eneo la chama au kwenye shamba la mzazi yeyote anayeshindwa kumwachia mtoto asome. Kifungu hicho alikitoa muuza viatu, na mimi nikaona wivu kwa nini hakikutoka kwangu.

Uenyekiti wakaninyima kwa ajili ya mdomo wangu. Walimpa mstaafu. Mimi wakaniweka mtunza vifaa, maana yake majembe. Nilinuna kidogo, halafu nikacheka nao. Zile ngwee zake mama wa Nakonde hakuzichukua alipoondoka. Mstaafu alisema zitafaa kufundishia hesabu, na sasa watoto wanajumlisha na kutoa kwa sarafu za Zambia.

Mkutano mkuu wa kijiji ulipofika tulikuja wengi, lakini hatukuwa peke yetu. Vijana wa kijiji walikuwa na hoja yao, walitaka kazi za kulinda malori na kuuza chakula, na mimi siwezi kumlaumu kijana anayetaka kazi. Mwenyekiti akasoma ajenda kama ilivyoandikwa tangu mwanzo, kwamba kijiji kinaombwa kuridhia matumizi ya pori lililo kando ya barabara.

Mzee mmoja mkulima, ambaye hata si mwanachama wetu, akanyoosha mkono. Akauliza pori lipi.

"Lile la kwenye darasa bovu," mwenyekiti akasema.

"Lile si limelimwa?" mzee akauliza. "Tangu lini mahali palipolimwa pakaitwa pori?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kwetu hilo si la mzaha. Unaweza kugombania pori, lakini jasho la mtu likishaingia ardhini, huwezi kulipita kwa karatasi. Mwenyekiti nitamsifu: alichukua kalamu akalikata lile neno mbele yetu. Halafu mzee mwenye malori, aliyealikwa kama mgeni, akaomba ruhusa. Akasema ng'ambo ya barabara kuna kiwanja cha kijiji kilichojaa mawe. Akipewa, atakisawazisha, malori yake na ya wenzake yalale huko na kulipa kijiji, na vijana wafanye kazi zao huko huko. Vijana wakanong'onezana, mmoja wao akasema sawa.

Mwenyekiti akaita mikono ya wanaotaka darasa libaki chini ya Ngwe ya Mwalimu. Mikono ikapanda. Mtendaji wa kijiji alianza kuhesabu kwa kalamu, akafika katikati, akapotea, akaanza upya, akapotea tena. Mwenyekiti akamwambia aandike tu kwamba kijiji kimekubali. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka, kisha nikalia mbele ya watu wote, kilio cha furaha chenye sauti. Mama akanivuta nguo akaniambia nisimwaibishe, lakini nguo yangu hakuiachia.

Tulipaua upya, tukawafukuza popo, tukaingiza madawati. Watoto wanakuja mchana baada ya shule. Jioni tuliwatengea watu wazima, na wiki za kwanza watu wazima hawakuja. Waliona haya, wakasema wana kazi. Nilianza kuogopa kwamba tumeshinda vita na kukosa wa kumpa nyara.

Jioni moja nilikuwa nafagia mlangoni. Lori refu lenye namba za Tanzania likapunguza mwendo, likawasha taa za pembeni, likaanza kuingia moja kwa moja kwenye eneo letu. Nilitupa ufagio nikakimbilia mbele yake, mikono juu, mdomo umekwisha kufunguka. Dereva akashusha kioo. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, macho mekundu kwa uchovu.

"Shikamoo mama. Wameniambia huku kuna maegesho mapya."

Nikamwambia ni ng'ambo. Hapa ni darasa, na lori halikanyagi hapa, si lake wala la mtu mwingine yeyote. Hakukasirika. Alitazama mlango ulio wazi, na ubao ukutani wenye herufi za mstaafu, akatazama foleni iliyosimama mbele yake mpaka kilimani.

"Hapa nitalala siku kadhaa sina kazi," akasema. Akazima injini ili nimsikie, maana alikuwa ameshusha sauti. "Watu wazima mnachukua?"

Nikamwambia tunachukua. Nikamwambia alihamishe lori ng'ambo, anawe uso, aje.